Mkono Mmoja Haulei Mwana: Kisii, Nyamira na Elimu ya Ukuaji wa Nafsi

Wazee wetu hawakuandika vitabu vya saikolojia, lakini lugha waliyotuachia imejaa elimu ya malezi. Walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Walisema samaki mkunje angali mbichi. Wakasema tena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hizi tatu zimebeba maswali yale yale yaliyowashughulisha wataalamu wa karne ya 20: utu wa mwanadamu hujengwa lini, hujengwa na nani, na je, ujenzi huo hukoma mtu akishakuwa mkubwa?

Leo mama anapokwenda kliniki na mtoto wake, au binti anapojiunga na chuo cha ualimu, hupewa majibu ya maswali hayo yaliyoandikwa Geneva, London na Marekani. Kinachosahauliwa ni kwamba baadhi ya nadharia hizo zilianzia au zilipimwa hapa hapa Afrika Mashariki, na kwamba vilima vya Kisii na Nyamira ni miongoni mwa mahali ambapo malezi yamechunguzwa kwa muda mrefu na kwa makini sana. Yaliyoonekana huko yanamhusu kila mzazi, awe analima chai Nyamira au anauza vitambaa Mombasa, kwani yanatuonyesha ni lipi katika malezi lililo la wanadamu wote, na ni lipi lililo desturi ya watu fulani tu.

Nadharia zenyewe kwa ufupi

Tuanze na Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 na baadaye akahamia Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1950 aliyagawa maisha ya mwanadamu katika vipindi 8, na katika kila kipindi akaweka mvutano unaomlazimu mtu kuupatia ufumbuzi. Mtoto mchanga hujifunza ama kuuamini ulimwengu ama kuushuku. Mwenye miaka miwili au mitatu hujifunza ama kujitegemea ama kujionea aibu. Kisha huja kuthubutu mbele ya hatia, halafu bidii ya kazi mbele ya kujiona duni. Kijana hujitafuta yeye ni nani. Mtu mzima kijana hutafuta wa kufungamana naye. Mtu wa makamo hutafuta kuacha kitu chema kwa wanaomfuata. Na mzee huyatazama maisha yake ama kwa kuridhika ama kwa kukata tamaa. Uzito wa nadharia hii ni kwamba ukuaji hauishii utotoni. Bibi wa miaka 70 naye yungali anakua.

Jean Piaget wa Uswisi yeye alishughulika na akili. Aliwachunguza hata watoto wake mwenyewe watatu, akasema kwamba fikira za mtoto hupitia hatua nne. Hadi miaka 2 mtoto huujua ulimwengu kwa mikono, kinywa na macho. Kati ya miaka 2 na 7 hutumia maneno na taswira, ila huona mambo kwa upande wake tu. Kuanzia miaka 7 huweza kufikiri kwa mantiki juu ya vitu anavyoviona, na kuanzia miaka 11 hivi huweza kuyafikiria hata mambo yasiyoonekana. Msomaji atakumbuka kwamba wanazuoni wetu wa fiqhi nao waliutaja umri wa miaka 7 kuwa ndio umri wa tamyizi, yaani mtoto kuanza kupambanua, kabla ya kufika baleghe. Njia mbili zilizo mbali sana zimekutana karibu na alama moja.

Lev Vygotsky wa Urusi, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 37 tu, alisisitiza kwamba mtoto hajifunzi peke yake. Lipo jambo analoliweza mwenyewe, na lipo lile analoliweza akishikwa mkono na mtu anayemzidi ujuzi. Baina ya hayo mawili ndipo elimu inapokulia.

Wa mwisho ni Mwingereza John Bowlby na mwenzake Mary Ainsworth, waanzilishi wa nadharia ya maambatano, inayosema kwamba mtoto mchanga ana haja ya kuambatana na mlezi anayemjua, kama alivyo na haja ya maziwa. Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Mwaka 1954 na 1955 Ainsworth aliishi Uganda, akawa anawatembelea majumbani akina mama wa Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Alifuatilia familia 26. Aliona kwamba watoto waliotulia zaidi walikuwa wa akina mama walioijua vizuri tabia ya mtoto na kuitika haja zake upesi. Kitabu chake juu ya utafiti huo kilitoka mwaka 1967. Nadharia inayofundishwa leo duniani kote, basi, ina mizizi yake katika nyumba za Buganda.

Watafiti wafika Kisii

Mwaka huo huo wa 1955 Mmarekani Robert LeVine aliwasili katika nchi ya Wagusii, pamoja na Barbara LeVine. Wakati huo Kisii na Nyamira zilikuwa bado hazijatenganishwa kiutawala. Leo ni kaunti mbili za ndugu wa lugha moja. Walikaa hadi mwaka 1957 katika jamii waliyoiita Nyansongo. Utafiti wao ulikuwa sehemu ya mradi mkubwa uliolinganisha malezi katika jamii sita: Kenya, Mexico, Ufilipino, Japani, India na Marekani.

LeVine alirudi tena kati ya mwaka 1974 na 1976, safari hii pamoja na Sarah LeVine na kundi la wataalamu, miongoni mwao T. Berry Brazelton, daktari wa watoto aliyekuwa na sifa kubwa nchini Marekani. Waliwafuatilia watoto wachanga na mama zao, wakahesabu ni mara ngapi mtoto alibebwa, alilia, alisemeshwa au alitazamwa, kisha wakalinganisha na watoto wa familia za tabaka la kati mjini Boston. Matokeo kamili yalichapishwa katika kitabu kikubwa mwaka 1994.

Walichokiona kiliwashangaza. Mama wa Kigusii alimbeba mtoto wake muda mwingi, alilala naye, alimnyonyesha kila alipotaka, na kilio kilipotoka hakuchelewa kumwitika. Watoto wa Kisii walilia kidogo kuliko wale wa Boston. Lakini mama huyo huyo hakumsemesha mtoto sana, hakumkazia macho, wala hakumsifu. Mtoto alipochangamka na kumtazama, aghalabu mama aligeuza uso taratibu. Akiulizwa, alijibu kwamba hakuna maana ya kuzungumza na asiyeweza kujibu, na kwamba mtoto anayesifiwa sana hukua na kiburi.

Kwa kipimo cha Boston, mama huyo alikuwa na upungufu. Mtoto asiyesemeshwa, walidhani, atakuwa na akili nzito na moyo mkavu. Watoto wale hawakuwa hivyo. Ndipo LeVine akaeleza kwamba wazazi duniani hawana shabaha moja. Mama wa Kisii wa miaka ile alijua kwamba mtoto mchanga anaweza kufariki kwa homa au kuhara kwa siku chache. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa uhai, na kila alilolifanya, kumbeba, kumnyonyesha, kumtuliza, lililinda uhai. Mama wa Boston, ambaye hakuwa na hofu hiyo, aliweka shabaha yake katika kumwandaa mtoto kwa shule, akaanza kumfundisha mazungumzo tangu mtoto hajatoa meno. Kila mmoja alikuwa na akili yake, na kila mmoja aliilinda ile hatari aliyoijua.

Mama wa pwani hatashangaa kusikia kwamba akina mama wa Kisii nao walichelea jicho baya kwa watoto wao wachanga. Sisi tunaposikia mtoto akisifiwa bila ya neno mashaallah, moyo hushtuka. Kujizuia sifa kuna hekima yake katika mahali pake.

Kusalimiana kwa mkono

Lipo tukio moja katika utafiti wa Kisii ambalo kila mwalimu wa saikolojia angepaswa kulijua. Ainsworth alipotoka Uganda alitunga kipimo maarufu cha maambatano: mama humwacha mtoto mdogo kwa dakika chache, kisha hurudi, na mtafiti hutazama mtoto anampokeaje. Nchini Marekani mtoto aliyetulia hukimbilia kukumbatiwa.

Rosanne Kermoian na P. Herbert Leiderman walikipeleka kipimo hicho kwa watoto 26 wa Kigusii, na matokeo yao yalitoka mwaka 1986. Mama wa Kisii hakurudi akamkumbatia mwanawe. Alimpa mkono, kama anavyowapa wakubwa. Na mtoto mwenye moyo uliotulia alinyoosha mkono wake mdogo kwa furaha na matarajio, ilhali mwenye wasiwasi aliuepa. Asilimia 61 ya watoto walionekana kuwa na maambatano salama kwa mama zao. Laiti watafiti wangekaa wakisubiri kukumbatiana, wangeandika kwamba watoto wa Kisii hawana mapenzi. Mapenzi yalikuwapo, ila yalivaa nguo nyingine.

Omoreri, mlezi aliye mtoto

Watafiti hao hao walimpima pia mtu wa pili: omoreri. Hili ndilo jina la Kigusii la mtoto, kwa kawaida dada mkubwa wa miaka 6 hadi 10, aliyekabidhiwa mchanga wakati mama yuko shambani. Omoreri alimbeba mgongoni, alimchezesha, alimwimbia, alimnyamazisha, na mama aliporudi alimrudisha kunyonya.

Ilionekana kwamba watoto 54 katika kila 100 walikuwa na maambatano salama kwa omoreri wao, karibu sawa na kwa mama. Na jambo lililo la ajabu zaidi ni hili: usalama wa mtoto kwa mama ulifungamana na hali yake ya lishe, na usalama wake kwa omoreri ulifungamana na alama zake za ukuaji wa akili. Mama alikuwa ndiye uhai na titi. Omoreri alikuwa ndiye mchezo, maneno na ulimwengu. Vygotsky angetabasamu. Na methali yetu juu ya mkono mmoja ilipata ushahidi wa tarakimu.

Naye omoreri mwenyewe alikua. Katika ule mradi wa jamii sita, watoto wa Nyansongo walijitokeza kuwa na mwelekeo mkubwa wa kusaidia na kuwajali wenzao, ilhali watoto wa Marekani walijitokeza zaidi katika kutafuta msaada na kuangaliwa. Watafiti walihusisha tofauti hiyo na kazi: mtoto aliyepewa jukumu la kweli nyumbani hujiona kuwa ana faida kwa watu. Jirani na Kisii, huko Oyugis kwa Wajaluo, Carol Ember alionyesha mwaka 1973 kwamba wavulana waliopewa kazi za nyumbani ambazo kwa desturi ni za wasichana, kwa sababu hapakuwa na dada wa kuzifanya, walipunguza ugomvi na ubabe hata walipokuwa nje ya kazi hizo. Mama mwenye wana wa kiume watupu asisikitike; awape ufagio na mtoto wa kubeba, atakuwa amewapa elimu.

Haya na aibu

Hapa tunafika mahali ambapo nadharia ya Erikson inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Yeye aliiweka aibu kuwa ndiyo hasara ya kipindi cha pili, kana kwamba mtoto mwema ni yule asiyeijua. Wagusii wana neno ensoni, na sisi tuna neno soni. Masikio yenyewe yanasikia undugu wake. Kwao soni ndiyo inayopanga heshima baina ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto: yapo maneno ambayo mtoto hayasemi mbele ya baba, yapo mambo ambayo baba hayatazami kwa mwanawe aliyekua. Sisi tunaita haya, na asiyekuwa nayo tunamhesabu kuwa ameachwa na malezi.

Je, Erikson amekosea? Jibu limo ndani ya lugha yetu, inayotenganisha haya na fedheha. Haya ni pazia ambalo mtoto hulivuta mwenyewe kwa kuwaheshimu watu. Fedheha ni kumvua mtoto pazia hilo hadharani: kumtukana mbele ya wageni kwa kujikojolea, kumfananisha na nduguye, kumwita mjinga mpaka akaamini. Erikson alionya juu ya madhara ya hilo la pili, na hapo yuko sawa kabisa, Kisii kama Lamu. Pale ambapo wazazi huliita la pili kwa jina la la kwanza, mtoto huumia na sisi tukadhani tumemfunza adabu.

Kukua hakuishii kwenye baleghe

Wagusii hawakuhesabu maisha kwa miaka. Walihesabu kwa hatua zenye majina. Mvulana ni omoisia mpaka atahiriwe awe omomura, na akizeeka kwa heshima huwa omogaka. Msichana huwa omoiseke, akiolewa huwa omosubaati, na baadaye omongina, mama mwenye kauli. Zamani hatua ya msichana ilipitia ukeketaji, jambo ambalo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imelipiga marufuku, na madhara yake yanajulikana. Hatua ya kukua inaweza kuadhimishwa kwa mafunzo na dua, bila ya kisu.

Mwaka 1980 LeVine aliandika sura juu ya utu uzima wa Wagusii katika kitabu ambacho Erikson mwenyewe alikuwa mmoja wa wahariri wake. Alieleza kwamba mtu wa Kisii hupanda ngazi kupitia watoto wake. Mtoto anapotahiriwa, anapooa au kuolewa, anapopata mtoto, ni mzazi ndiye anayepanda daraja. Nasi ndivyo tulivyo: mwanamke aliyekuwa na jina lake huitwa Mama Fulani siku ya arubaini, na jina hilo ni cheo na ni mzigo.

Kwa wanawake, liko somo la ziada. Lawrence Kohlberg alipopanga ngazi za ukuaji wa maadili, alianza kwa kuwahoji wavulana wa Marekani, na juu kabisa akaiweka haki inayopimwa kwa kanuni za jumla. Mwaka 1982 Carol Gilligan alimpinga, akasema kwamba wanawake wengi hupima jema kwa kuuliza nani ataumia na nani atatunzwa, na hiyo si akili ya ngazi ya chini. Aliyewahi kumwona bibi akisuluhisha ugomvi wa mirathi bila ya ndugu kuvunjika, anajua.

Mkono wa pili uko wapi leo?

Mwaka 2003 Kenya ilifuta karo katika shule za msingi za serikali, na omoreri akaenda darasani. Hilo ni jema, wala hakuna anayetaka arudishwe nyumbani. Mtoto wa miaka 7 ana haki ya kalamu. Lakini kazi aliyokuwa akiifanya haikwenda shule pamoja naye. Ilibaki mgongoni mwa mama. Mashamba ya Kisii na Nyamira nayo yamegawanywa vipande vidogo, baba yuko mjini kutafuta, bibi yuko mbali. Huku kwetu baba yuko baharini au Ghuba, mama yuko kazini, na mtoto anaachwa kwa yaya ambaye pengine hatakaa miezi mitatu.

Nadharia zote tulizozitaja zinakutana hapa. Mtoto anaweza kuambatana na walezi wawili au watatu bila ya kudhurika. Watoto wa Kisii wameshuhudia hilo. Asichokiweza ni kubadilishiwa uso kila mwezi. Basi anayetafuta yaya atafute wa kukaa, amlipe haki yake kwa wakati, amheshimu mbele ya mtoto, kwa sababu yaya anayedhalilishwa hana utulivu wa kumgawia mtoto. Anayeweza kumrudisha shangazi au bibi katika malezi amrudishe. Majirani watatu wenye watoto wachanga wanaweza kupeana zamu. Na ndugu wakubwa, wa kike na wa kiume, wakitoka shule wapewe saa moja ya kumchezesha mdogo wao: saa moja haiwanyimi masomo, na itawajenga wote wawili.

Kuhusu kumsemesha mtoto, nyakati zimebadilika. Uhai wa mtoto una walinzi wengi zaidi leo, wakiwamo chanjo na kliniki, na shule inamngoja. Kitabu cha LeVine na wenzake cha mwaka 2012, kilichotokana na utafiti wa Mexico, Nepal, Venezuela na Zambia, kilionyesha kwamba mama aliyesoma huzungumza zaidi na mtoto wake mchanga. Tunaweza kuchukua hilo bila ya kuacha letu: tumbebe kama mama wa Kisii, tumjibu akilia, na tuongeze maneno. Tumtajie majina ya vyombo tunapopika, tumhadithie usiku, tumsikilize anapoanza kuuliza.

Mtoto wa Kigusii alinyoosha mkono kumsalimu mamaye kwa sababu alijua kwamba mkono huo utapokewa. Iwe ni kwa kukumbatia, kwa kupeana mkono au kwa shikamoo, kila mtoto nyumbani mwetu anataka kulijua jambo hilo moja. Akishalijua, atakuwa na pa kuanzia vipindi vyote saba vilivyobaki.